Hedifoni Nzito na Sauti ya Nne

Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Asubuhi mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa, tukaanua nguo haraka, halafu yakapita. Ilianguka rasharasha ya kutoboa vumbi tu. Hadi mchana joto lilikuwa limerudi na mbwa wamelala kwenye mfereji mkavu.

Naandika kwa ajili yenu vijana mnaokaa sasa kwenye ile meza yangu ya sokoni hapa Bugarama. Mliniomba niwawekee niliyojifunza miaka yangu ya ufundi wa redio na spika. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Nilikusudia kuanza na siku ya kwanza niliposhika pasi ya kuunga waya kwa risasi, lakini leo limetokea jambo, na bora niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Kabla ya saa nne aliingia Kabula, mjukuu wa marehemu kaka yangu. Mkono mmoja kompyuta yake ya kukunja, mwingine amekumbatia boksi jeusi linalong'aa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo umenikumbuka?"

"Ana shida huyo," alisema mke wangu, Mama Limi, aliyekuwa anachambua choroko kwenye ungo. "Mke mwenzangu akija na boksi, hajaja kuniona mimi."

Ndani ya boksi kulikuwa na hedifoni. Nyeusi, ukingo wa rangi ya dhahabu, mito minene kama ya kiti cha arusi. Nilisoma maneno ya nje. Besi mara tatu. Sauti kama uko jukwaani. Chaguo la wataalamu.

"Wataalamu gani?" niliuliza.

"Wameandika tu wataalamu, babu."

"Hawana majina?"

"Babu, hili ni boksi, si daftari la mahudhurio."

Mama Limi alicheka mpaka choroko zikamwagika. Mimi sikucheka. Jina la kampuni sitaliandika hapa. Sina ugomvi nao, na huenda kuna mahali wametengeneza kitu kizuri ambacho hakijanifikia.

Shida ya Kabula ilikuwa hii. Ana chumba kimoja alichobandika magodoro ukutani, ndiyo studio yake, na hapo anarekodi kwaya. Kwaya ya kanisa lao ilimpa nyimbo zao, kazi yake kubwa ya kwanza. Akarekodi, akachanganya sauti akiwa amevaa hedifoni aliyonunua mwaka jana, ya kampuni hiyo hiyo, toleo la kwanza. Masikioni mwake ilikuwa safi. Walipoipiga kwenye spika ya kanisa, wanaume wa sauti ya nne hawakusikika. Baba Mindi, ambaye ndiye nguzo ya sauti hiyo ya chini, alisimama mbele ya watu akasema, "Nimeimba mpaka mshipa wa shingo umetoka, mbona humu simo? Nilikuja kuimba au kusindikiza?"

Mwalimu Doto, kiongozi wa kwaya, akamwambia Kabula kwa upole, na upole wake ndio unaotisha: kesho Jumamosi saa nne anakuja kusikiliza. Ikiwa bado, nyimbo zinapelekwa studio ya Kahama, na za mbele pia zitakuwa za huko.

"Kwaya nyingine zinamtazama yeye, babu," Kabula alisema. "Akiniacha, wote wataniacha. Studio nafunga."

Kijana mmoja wa gari la matangazo, linalopita sokoni na spika juu, alimwambia dawa ni toleo jipya. Amwachie ile ya zamani, achukue hii. Akampa hadi jioni aamue.

"Niambie tu ndiyo au hapana," Kabula alisema. "Neno lako linatosha."

Hapo nikairudisha hedifoni kwenye boksi lake. Neno langu liliwahi kutosha, na lilimponza mtu.

Ninyi mmezaliwa huku, mnajua tabia yetu. Mtu wa ukanda huu wa dhahabu ukimpa kitu chochote, kwanza anakipima kiganjani. Anakirusha kidogo, anakidaka, anatazama juu. Jiwe, simu, kitasa, hata mkate. Kizito ni cha kweli, chepesi ni cha uongo. Wanunuzi wa dhahabu wametufundisha hivyo, na kwa dhahabu ni sawa. Kosa ni kwamba tuliichukua kanuni ile tukaipeleka kila mahali.

Nami niliipeleka mezani kwangu. Alikuja muuzaji na hedifoni za mfano, akaniomba nizipime. Kiganja changu kikashuka. Nikasema, "Hii ina kitu ndani." Neno hilo tu. Kesho yake nikasikia spika ya gari inapiga kelele soko zima: "Fundi Nkwabi mwenyewe ameipitisha! Ina kitu ndani!" Sikumzuia. Nilipenda kusikia jina langu, nakiri.

Shija alikuwa mchimbaji wa mashimo madogo, yale tunayoyaita maduara. Alinunua kwa sababu yangu. Haikupita muda, akarudi upande mmoja umekufa. Nikafungua. Waya ulikuwa umekatika, jambo la kawaida. Lakini nyuma ya spika, upande huu na upande ule, nilikuta kipande cha chuma ukubwa wa biskuti ndogo, kimebandikwa kwa gundi. Hakikuungwa na waya wowote. Hakikushika kitu chochote. Nilikigeuza na kukigeuza nikitafuta kazi yake, nikidhani ni mimi nisiyejua. Nikavitoa vyote viwili, nikaunga waya, nikavaa. Sauti ile ile.

Shija alivichukua, akavipima kiganjani, akatazama juu.

"Fundi," akasema, "hata kule chini tukikuta jiwe zito tunaitana. Tukilivunja tunakuta uzito mtupu. Ila sisi jiwe hatutangaziwi kwa gari."

Aliondoka anacheka. Mimi sikucheka siku nzima. Vyuma vile nimevitunza miaka yote kwenye kopo la misumari.

Sasa, ili niwe mkweli, si kila hedifoni nzito ni ya uongo. Nimefungua nyingine nikakuta sumaku ya maana na fremu ya chuma iliyotengenezwa na mtu aliyejiheshimu. Na nimekuta nyepesi ambazo ni takataka. Ninachowaambia ni kwamba uzito hausemi kitu. Wala matundu ya nje hayasemi. Niliwahi kuchokonoa kwa sindano tundu moja baada ya jingine, hakuna lililopita, yote ni mchoro juu ya plastiki. Wala mito minene haisemi. Tangu hapo nikawa mtu wa kushuku. Mke wangu anasema nashuku hata chumvi. Huenda nimezidisha.

Kwa hiyo Kabula anasubiri, na mimi nina hofu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Shija. Ya pili ni masikio yangu. Jioni Mama Limi husema nyenje wanaimba, mimi nasikia kimya. Sauti nyembamba za juu zimeniacha, sijui tangu lini. Fundi wa sauti ambaye nyenje wamemkimbia, ana haki gani ya kusema ndiyo au hapana?

Nikamwambia hivyo hivyo.

"Basi ungeniambia tangu mlangoni," akasema, macho yameanza kulowa. "Nimepoteza asubuhi."

"Mwache aseme na lile la Mzee Salumu," Mama Limi akadakia. "Kila mgeni wa nyumba hii huambiwa la Mzee Salumu. Wewe umesamehewa kwa nini?"

Mzee Salumu alikuwa mtu wa Tanga aliyefungua karakana ya redio Shinyanga mjini. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku moja aliweka redio mbili mezani, akazifunika kwa kitambaa, akanipigia taarabu ile ile kwenye hii, kisha kwenye hii. "Ipi nzuri?" Nikasema ya kulia. Akafanya jambo nisiloliona, akanipigia tena. "Ipi?" Nikasema ya kushoto. Akatoa kitambaa. Zilikuwa redio za aina moja, zimetoka boksi moja. Alichokuwa anafanya ni kuongeza sauti kidogo sana, mara hii, mara ile.

"Sikio ni kama mtoto kwa sukari, Nkwabi," akaniambia. "Anayepiga kelele zaidi kidogo, ndiye mzuri. Kabla hujalinganisha vitu viwili, vilinganishe kelele kwanza. Usipofanya hivyo, hujasikiliza. Umebembelezwa."

Lishikeni hilo hata mkisahau mengine yote. Kijana wa gari la matangazo akikuvalisha ya kwake, anafungua sauti juu kuliko ulivyokuwa unasikiliza mwanzo. Huenda hakusudii ubaya, ndivyo alivyofundishwa. Nawe unasema, ahaa, hii.

Mzee Salumu aliponiaga nilipokwenda kufungua kibanda changu cha kwanza Isaka, penye malori, alinipa hedifoni yake ya kijivu. Nimeihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa miaka yote. Kila nilipotaka kujua ukweli wa sauti, niliitoa hiyo. Ilikuwa mizani yangu. Na leo, nikisimulia, nikapata wazo. Tutazipima. Si mimi nitakayesema, wala boksi.

Tukaweka tatu. Ile mpya ya Kabula. Ya kijivu ya Mzee Salumu. Na ya tatu ilikuwa ya Mama Limi, ambayo binti yetu Limi alimnunulia mnadani Kishapu, nyepesi kama pumba, imefungwa plasta utosini. Hiyo huvaa akipika, anasikiliza mahubiri kwenye simu. Mimi huwa naiita kokoto. Niliiweka ili tuwe na kitu kibaya cha kulinganishia.

Kwanza tukalinganisha kelele. Hapa Kabula alinizidi, lazima niseme. Enzi zetu tulikisia kwa sikio. Yeye alichukua maikrofoni yake, akabana kila hedifoni juu yake kwa zamu, akatazama mstari wa kompyuta unavyopanda, akapunguza na kuongeza mpaka zote tatu zikafika pale pale. Akaandika namba kwenye kiganja. Ile mpya alilazimika kuipunguza sana.

"Kumbe ilikuwa juu hivi?" akasema, kwa sauti ndogo.

Pili, uzito. Mtu akivaa ataijua ile nzito. Kwa hiyo tulimfunga msikilizaji macho kwa khanga, na Mama Limi akasimama nyuma yake kashika hedifoni kwa mikono, mito ikiwa wazi mbele ya sikio bila kulalia kichwa. Najua mito isipobana, besi hupungua. Basi akawa anaibana kwa viganja, zote sawa, kama anavyobana mfuniko wa sufuria ya ubwabwa. Si maabara. Lakini ilikuwa haki kwa zote.

Tatu, cha kusikiliza. Msipime hedifoni kwa muziki wa muuzaji, umechaguliwa uifae. Pimeni kwa sauti ya mtu mnayemjua. Kabula akarekodi sauti ya Mama Limi pale pale uani. Akaambiwa aseme chochote, akasema: "Baba Limi amesema atatengeneza mlango wa jiko tangu mavuno ya mwaka juzi. Wanaomjua wamkumbushe." Ndiyo ikawa kipimo.

Nikafungwa khanga. Nikawa natoa jibu moja kila raundi, ipi bora, na Mama Limi anaweka punje ya choroko kwenye kibakuli cha ile niliyoichagua, na kila raundi anabadili mpangilio bila kusema.

Ya kwanza kunijia, mke wangu alisikika kama mwanamume mwenye mafua, nami nikasema hivyo. Nikajua hiyo ndiyo mpya, nikafurahi moyoni, nakiri. Iliyofuata alisikika kama anasemea ndani ya mtungi. Nikasema moyoni, hiyo kokoto. Ya tatu, wanangu, alikuwa yeye. Ule mkwaruzo mdogo alionao mwanzoni mwa neno, na pumzi kabla ya "wamkumbushe", kana kwamba amesimama nyuma yangu. Na kweli alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hii," nikasema. "Hii ni ya Mzee Salumu. Nitaijua hata nikiwa kaburini."

Mama Limi akadondosha punje kibakulini. Raundi ya pili, jibu lile lile. Ya tatu na ya nne, vile vile. Baada ya sita nikasema inatosha, nikavuta khanga.

Mama Limi alikuwa ameshika ile yenye plasta utosini.

Choroko zote sita zilikuwa kwenye kibakuli cha kokoto.

Nikatazama ile ya kijivu. Nikafungua mito yake kwa kucha, sifongo ikatoka unga mikononi. Ngozi ya spika ndani imekauka na kujikunja ukingoni. Huenda ilikuwa nzuri siku niliyopewa. Naamini ilikuwa nzuri. Lakini imekufa sijui lini, na mimi nimeendelea kuitoa kwenye mfuko na kuirudisha kwa heshima, na kusema ndiyo mizani. Ni mara ngapi nimemkatalia mtu kitu kizuri kwa sababu ya hii? Nimeshuku wauzaji wote wa Isaka na Bugarama, mfuko wangu mwenyewe sikuushuku.

"Usihuzunike, Baba Limi," mke wangu akasema. "Kokoto imekuamkia tu, itikia marahaba."

Kabula naye akafungwa khanga, ili isiwe ya mzee mmoja asiyesikia nyenje. Kwake hakutumia sauti ya Mama Limi, alitumia Baba Mindi na wenzake wakiimba sauti ya nne peke yao, kama alivyowarekodi kabla ya kuchanganya. Mara mbili alichagua ile mpya. Mara nne alichagua kokoto. Naandika zote, msije mkasema nimeficha. Na alipotaka kusikiliza muziki wa kuchezea, wa kujifurahisha, alisema ile mpya inamkolea zaidi, na mimi nilipoivaa kwa wimbo huo mguu ulinicheza. Kwa anayetaka hivyo, ni halali yake. Si kila anayenunua pilipili anataka dawa.

Lakini wakati akiwa na khanga usoni, Kabula akasema jambo ambalo mimi fundi mzima sikuwa nimelifikia.

"Babu. Hii yenye mafua inawaongezea besi ambayo hawakuimba."

"Ndiyo."

"Na ile yangu ya zamani ni ndugu yake."

"Ndiyo."

"Basi nilipokuwa nachanganya, niliisikia besi nyingi, nikawapunguza. Nilimpunguza Baba Mindi kwa mkono wangu. Nilifuta sauti ya watu kwa sababu boksi liliniambia nitasikia zaidi."

Akavua khanga. Hakulia. Akaniuliza, "Na hii ya besi mara tatu ningeichukua?"

"Ungewazika kabisa."

Akamwomba Mama Limi amwazime kokoto. Mama Limi akamtazama muda mrefu kama mtu anayeombwa ng'ombe. "Uirudishe kabla ya mahubiri ya jioni. Na plasta usiivute, inashika kichwa." Kabula akakaa pale pale kwenye mkeka, kivulini, akaanza upya. Ile mpya ikarudi kwenye boksi lake jeusi, na mchana alipopita kijana wa gari la matangazo nilimrudishia mwenyewe. Nikamweleza tulivyopima, bila kejeli. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mzee, nikisema sokoni kwamba umeipima?" Nikamwambia aseme, ila aseme na jibu. Hakuonekana kulipenda, lakini alinishika mkono. Si mtu mbaya. Anaamini kile alichopewa aseme, kama mimi na mfuko wangu.

Jioni mapema Kabula akamaliza. Hakuniuliza mimi. Akausikiliza wimbo kwenye simu, akausikiliza kwenye redio ya jikoni ya Mama Limi, akausikiliza kwenye spika ndogo iliyopasuka ya jirani. Hilo ndilo la mwisho la kuwafundisha leo, na nimelijifunza kwake: kazi yako haitasikilizwa kwa hedifoni yako, itasikilizwa kwa vitu vya watu. Kisha akamtumia Mwalimu Doto kwa simu, asisubiri kesho, na akamwita Baba Mindi, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka yetu.

Baba Mindi alikuja amenuna. Hakutaka kiti. Kabula akaupiga kwenye simu ya Baba Mindi mwenyewe, asije akasema ametegwa. Walipoingia sauti ya nne, alikaa. Akainamisha kichwa, akawa anaimba pamoja na nafsi yake, taratibu, kidevu kinashuka na nota. Ubeti wa pili akanyamaza ghafla.

"Hapo," akasema. "Rudisha hapo."

Kabula akarudisha.

"Hapo nimekosea."

"Ndiyo, baba. Ulishuka kabla ya wenzako."

"Inasikika?"

"Inasikika vizuri sana."

Akakuna shingo. "Sasa binti yangu, hapo huwezi kunipunguza kidogo?"

Mama Limi aligeuka akaelekea jikoni haraka, mabega yanamtikisika. Kabula alikaza uso.

"Baba Mindi, wiki nzima umenisema kanisani. Sikupunguzi hata kidogo."

Ujumbe wa Mwalimu Doto ukaingia wakati huo. Kabula akasoma kimya, kisha akanipa simu nisome mwenyewe, kwa kuwa ananijua siamini cha kusomewa. Alikuwa ameandika: Nimezisikia sauti zote nne. Kesho siji. Leta daftari tupange nyimbo nyingine.

Kabula akamrudishia Mama Limi kokoto yake kwa mikono miwili. Vyuma vya Shija nilivitoa kwenye kopo nikampa, aviweke juu ya meza ya studio. Ile ya kijivu nimeirudisha kwenye mfuko. Siitoi tena kupimia, ila siwezi kuitupa.

Baba Mindi alibaki kula, kwa kuwa aliona aibu kuondoka. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde, Mama Limi ameyaunga kwa karanga, na choroko zile tulizopimia zimechanganywa humo humo. Tukiwa katikati ya kula Mama Limi akasema nyenje wameanza kuimba. Mimi sikuwasikia. Nilimwamini.